Ndala Iliyobaki Kwenye Foleni

Venant Masalu hajawahi kulia kwa maumivu, wala kumpita mtu kwenye foleni. Pale soko la mitumba hakuna aliyelibishia jambo hilo, maana aliyekuwa akilisema kila siku ni Venant mwenyewe, tena akiwa amesimama juu ya belo la nguo, na aliyesimama juu ya belo siku zote ana haki kuliko aliye chini.

"Nimepanga foleni ya sukari," alikuwa akisema, suruali tatu zimening'inia begani, "nimepanga ya sabuni, nimepanga ya mafuta ya taa mpaka taa yenyewe nyumbani ikapata kutu. Aliyewahi kuguswa na kiwiko changu ajitokeze hapa, nampa shati!"

Hakuna aliyejitokeza. Na zama zilikuwa zimegeuka. Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imeingia, sukari na sabuni zimejaa madukani mpaka zinakaliwa na vumbi, na zile foleni zote zilizokosa kazi zilikuwa zimehamia hospitali.

Huko ndiko alikopelekwa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, saa tano asubuhi, amelazwa juu ya mkokoteni. Alikuwa ameinua belo la makoti peke yake ili kumwonyesha Ngosha, mwenzake wa meza moja, kwamba linainulika. Belo liliinuka. Ngiri yake, ambayo alikuwa akiishi nayo kwa amani mwaka wa sita huo, nayo ilitoka, ikajinyonga, ikakataa kurudi ndani. Ngosha alimsukuma kutoka sokoni mpaka getini, na njiani alisimama mara moja tu kununua glovu, sindano na daftari la mistari, kwa kuwa siku hizo mgonjwa asiye na vitu hivyo vitatu alihesabiwa kuwa amekuja kusalimia.

"Vumilia, kaka," Ngosha alisema. "Makoti ya ulaya yana uzito wake."

"Lakini uliona lilivyoinuka?" Venant aliuliza. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu.

"Niliona."

"Basi ukawaambie."

Ngosha akamlaza kando ya ukuta, akarudi sokoni kuwaambia.

Pale hospitali wagonjwa hawakupanga foleni wenyewe. Mwenye kuweza kukaa alikaa, asiyeweza alijilaza kwenye nyasi, na kilichopanga ni ndala. Kila mtu aliweka moja. Zilianzia mlangoni kwa daktari, zikapita barazani, zikashuka ngazi mbili, zikaendelea uani, pua zote zikitazama mlango. Mmoja alipoitwa, wengine waliinuka wakasogeza zao hatua moja, kisha wakarudi kulala. Ndala ya mtu haikuguswa na mwingine. Sista Paskazia, nesi wa mapokezi, aliisoma ile safu kwanza ndipo akasoma majina, na madaftari yalipopingana na ndala, aliamini ndala.

Venant aliweka ya kushoto, ya bluu. Akawa wa kumi na tano. Daktari alikuwa mmoja, na ilipofika saa saba alikwenda kwenye zahanati yake mjini, ambayo nayo ilifunguliwa kwa ruksa hiyohiyo. Saa kumi ikaja mvua kutoka ziwani, ile ya kuja imelala kwa upepo. Wenye nguvu wakakimbilia chini ya paa. Venant hakuweza kukimbia, akabaki uani na ndala. Katika habari zote za siku ile alizozisimulia baadaye, na alizisimulia nyingi, kuhusu mvua alisema tu kwamba alilowa.

Aliitwa Jumapili saa mbili asubuhi. Daktari alimpasua, akamshona, akanawa mikono, akaenda kulala, kwa sababu na yeye alikuwa mtu.

Baada ya siku tisa Venant alirudi kwake Ilemela, kwenye nyumba iliyoegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe, ana ndala moja. Mkewe Selina aliitazama miguu yake.

"Baba Pius, nyingine iko wapi?"

"Imebaki kwenye foleni."

"Si ungeichukua?"

"Mama Pius, nimetoka na utumbo wangu wote. Tusiwe na tamaa."

Kidonda kilipona katika wiki tatu. Kilichobaki hakikuwa na kidonda. Venant alikula amesimama. Akiketi, mkono ulikwenda wenyewe tumboni na kupashikilia mahali pasipouma. Sokoni alipanda juu ya belo, akaanza utani wake wa kila siku wa koti lililovaliwa na Mzungu siku moja tu, siku ya kuzikwa, na katikati ya utani akanyamaza, akainamisha kichwa upande, akisikiliza.

"Unasikiliza nini?" Ngosha aliuliza.

"Naona kama wameita."

"Nani?"

"Endelea kukunja suruali."

Jumapili moja kanisani katekista alisoma matangazo ya ndoa. Bwana harusi mtarajiwa naye alikuwa Venant, wa kule Misungwi. Kabla jina la bibi harusi halijafikiwa, Venant Masalu alikuwa amekwisha simama, mkono tumboni. "Nipo, sista!" aliitikia. Kwa wiki mbili nzima wazee wa kanisa walikwenda nyumbani kwake kumuuliza ana pingamizi gani na ndoa ile.

Mwezi wa tano, jirani yao Suzana alikwenda hospitali kupima presha, akarudi na salamu.

"Baba Pius, ndala yako bado ipo. Iko pale ngazi ya pili."

"Hawajaitupa?"

"Wataitupaje, na ina mguu?"

Selina aliacha kupepeta mchele. "Mguu gani?"

"Wa kushoto. Una kovu hapa, kama la mnyororo wa baiskeli."

"Ni wake," Selina alisema. Akamwekea Suzana chai.

Tangu hapo kila aliyetoka hospitali alipitia pale nyumbani kutoa taarifa, kama watu wanavyopeana habari za mahindi ya jirani. Amefika magotini. Amefika kiunoni, amevaa ile kaptura uliyokwenda nayo. Leo ana kifua. Baridi ya ziwani ilipoanza kuuma, Suzana alisema amepata shingo na kichwa na anatetemeka, na Selina akafunga sweta la kahawia pamoja na chupa ya uji, akaenda. Alirudi na chupa tupu.

"Amekunywa wote," alisema. "Anakushukuru."

"Amenishukuru kwa uji wangu?"

"Ni uji wake pia, Baba Pius."

"Na sweta?"

"Limemkaa vizuri kuliko wewe. Amekonda." Selina aliketi, akavua kitambaa kichwani. Alikuwa na macho ya mtu anayeuguza nyumba mbili. "Nenda kamchukue. Unalala hapa lakini hupumziki. Usingizi ninausikia, pumziko silisikii. Na mimi kupanda na kushuka na uji nimechoka."

Venant mwenyewe alikuwa amechoka. Alichoka kwa watu wawili, na kulala alilala mmoja. Jumatano akamwachia Ngosha meza, akaenda.

Uani palikuwa kama alivyopaacha. Safu ya ndala ilikuwa imerefuka mpaka karibu na geti, kwa kuwa zilikuwemo nyingi za watu waliokwisha kutibiwa. Mwalimu mmoja alikuwa amefika mabegani, anasahihisha madaftari. Mahali pengine palikuwa na kisigino tu. Wagonjwa wapya waliweka zao nyuma ya hao, wakajilaza kwenye nyasi bila kulalamika, maana aliyetangulia ametangulia.

Venant alijikuta mwenyewe kwenye ngazi ya pili, yule wa ndala ya bluu, amekunja magoti, sweta la kahawia limefungwa vifungo vyote. Mbele yake kulikuwa na ndala nyekundu, kamba yake imetengenezwa kwa waya, na ndani yake mguu wa mwanamke uliofika kwenye kifundo. Mtu aliyekuwa nyuma yao alipoitwa aliwazunguka wote wawili akaingia.

"Habari za hapa?" Venant alisalimia.

"Za kungoja," yule wa kwenye ngazi alijibu. "Za huko?"

"Za kungojea hapa. Inuka twende nyumbani. Tulishatibiwa."

"Wewe ndiye uliyetibiwa."

"Mama Pius amechoka kupanda huku."

"Najua. Ananiambia." Akaonyesha kwa mdomo ile ndala nyekundu. "Namngoja huyu. Akiitwa huyu, nami naondoka."

"Na yeye ataitwa lini?"

"Uliza kule."

Venant hakuuliza tena habari za ndala nyekundu. Aliitazama mara moja, akatazama pembeni, akaenda dirishani kwa Sista Paskazia.

"Sista, huwezi kumwita yule mtu wangu, hata kwa uongo?"

"Nitamwita kwa daftari lipi, kaka? La kwako limefungwa. Limeandikwa: amepona." Sista Paskazia aliongea bila kuinua macho. Alikuwa zamu tangu jana yake, na nusu yake ya chini ilikuwa bado imekaa kwenye kiti cha zamu ya Pasaka, zamu ambayo hakuja mtu kumpokea. "Tena mwambie Mama Pius asikatize uji. Yule akikosa uji analia, na akilia, wagonjwa wa leo hawasikii majina yao."

"Analia?"

"Kama siku ile."

Venant aliaga. Alishuka ngazi akijipita mwenyewe, na jiwe la ngazi akalisikia baridi kwenye makalio yake mpaka alipofika nyumbani.

Mtu mwingine angenyamaza. Venant alikuwa na mdomo unaomlisha, na kesho yake alikuwa juu ya belo.

"Mnasikia watu wanasema Venant yuko hospitali mpaka leo? Ni kweli, nipo! Mnajua kwa nini? Huruma, jamani! Kuna mama wa watu nilimpisha. Nikamwambia pita dada, mimi mwanamume nitavumilia. Na mpaka dakika hii nimekaa nyuma yake, nahakikisha anaingia. Haya, koti hili! Lina mifuko minne, mitatu ya vitu na mmoja wa siri!"

Watu walicheka, wakanunua. Simulizi ile iliuza makoti mwezi mzima. Kila alipoisimulia, yule mama aliongezewa umri na Venant akaongezewa maumivu, na kilio hakikuwemo kabisa.

Ikawa Jumanne moja mchana, meli ya Ukerewe imekwisha shusha watu, sokoni kuna joto la mabati. Mwanamke mmoja alisimama mezani akipekua blauzi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili, wa kushoto, ulikuwa umepinda kiwikoni na kubaki hivyo, kama mkono wa birika. Alisikiliza habari ya huruma mwanzo hadi mwisho, haijamchekesha wala haijamuudhi.

"Kaka," alisema, "unayo yenye mkono mpana?"

"Ipo, dada, ya watu wanene wa ulaya! Unaitwa nani, nikuchagulie kwa jina?"

"Dorotea, wa Nansio. Nataka mpana upande huu. Huu haunyooki. Niliteleza kwenye mawe ufukweni, nikaletwa hapa Jumamosi ya ile mvua. Daktari alinifikia Jumatatu, mfupa ulikuwa umekwisha jipangia wenyewe."

Venant alikuwa ameshika blauzi ya kijani. Hakuitikisa.

"Ndala yangu ilikuwa nyekundu," Dorotea aliendelea, akiangalia mishono ya kola. "Ya kumi na nne. Mvua ilipokuja nilikimbilia chini ya paa nimeng'ata kanga. Wote walikuwa wanatazama mvua. Mimi nilikuwa natazama ndala, maana sikuwa na kingine. Ukatambaa, kaka. Ukaichukua yangu ukaiweka nyuma, yako ukaiweka mbele. Hatua moja tu. Nikataka kupiga kelele, lakini kanga ilikuwa mdomoni, na wewe mwenyewe ulikuwa unapiga za kutosha."

"Kelele?" Ngosha aliuliza. Alikuwa ameacha kukunja.

"Kilio. 'Mama nisamehe, mama nisamehe.' Nilidhani unamlilia mama yako. Baadaye nikaona labda ni mimi, ila jina langu hukulijua."

Muuza kandambili wa jirani alizima redio. Ngosha alitazama ile blauzi ya kijani mkononi mwa mwenzake, akaichukua taratibu, akaikung'uta, akampa Dorotea, kwa sababu aliyeguswa na kiwiko alikuwa amejitokeza, na ahadi ya juu ya belo ni ahadi.

Venant alishuka chini. Alipokuwa chini alionekana mfupi.

"Na wewe," aliuliza, "pale umefika wapi?"

"Kiunoni. Asubuhi nimepitia kujitazama kabla sijaja huku. Umekaa nyuma yangu. Umenifunika sweta lako."

"La kahawia."

"Hilo."

"Na daktari?"

"Amekwenda zahanati," Dorotea alisema, akamnyooshea ule mkono usionyooka, amvalishe ile blauzi.