Aliyebisha Akaambiwa Haiko

…na bado halipo, ameandika jina la baba yake mara ya tatu, Nizigama wa Mutarule, na mashine ya kutafuta inamletea Nizigama wa kule na Nizigama wa huku, lakini ule ukurasa alioutengeneza mwenyewe, wenye picha ya mzee na namba ya simu, hakuna, na Rémy mwenye saiberi hii ya intaneti anasema nyuma yake, dada Inamahoro, fanya mbio, miye nafunga, iko wanapiga tena kule juu Bijombo, naye anasikia nusu tu, anamfikiria Akimana, mdogo wake, aliyevuka mto Ruzizi na wakimbizi bila namba ya simu ya mtu yeyote, lakini jina la baba analijua, atalitafuta, lazima atalitafuta… weye mwenyewe ulimufukuza ile roboti ya mashine ya kutafuta, Rémy anacheka, ilikuja kupiga hodi, ukaiambia nini, mia nne na nne, haiko, sasa unailaumu juu ya kukuamini… ni kweli, risasi zilipofika Songo alizifunga kurasa zote za watu wa kijiji, wenye bunduki wasije wakasoma majina, akaiagiza seva imjibu kila anayebisha, haiko, kama mama alivyowafundisha vita vya kwanza, wamelala chini ya kitanda, muntu akimuuliza baba, museme hayuko, hakuna baba hapa, na wiki tatu roboti ikabisha, ikajibiwa, ikafuta jina baada ya jina kwenye orodha yake… ungesema mia tano na tatu, anasema Rémy, tumefunga kidogo, ingeyashika majina siku kadhaa, ingerudi… ingerudi, na zamani, mama huyo huyo, mgeni akifika mchana baba yuko kwenye mpunga, alivuta kiti kivulini, akaleta maziwa ya mgando, akasema ametoka kidogo, keti, na mgeni aliketi, na Akimana akakimbia juu ya matuta, miguu imejaa tope, akiita baba, baba, kuna muntu… lini walijifunza kuwakana watu wao hata kwa wanaowapenda… dada, twende, na mlio mwingine unashuka mlimani, naye anazifunga tena kurasa alizokuwa amezifungua, bunduki ni bunduki, ila penye jibu anafuta mia nne na nne, anaandika mia tano na tatu, anabonyeza, na mtandao unasuasua, jibu halijapita, Rémy ameshika kufuli mlangoni, naye Inamahoro hainuki kitini.