Ufuo wa Mabanga

Daktari mmoja wa Kitale alimwambia Kimotho, mkulima wa viazi mwenye presha na kichwa kigumu, awe akitembea polepole kando ya bahari, miguu mitupu, akitazama ndege. Pengine alikuwa anatania. Lakini Kimotho alilichukua neno lile kama dawa.

"Ila zaidi ya Bungoma siendi," akamwambia mkewe, Nyaruai. "Tafuta bahari ya hapa karibu."

Nyaruai akaulizauliza mpaka akampata Wanyonyi wa Mabanga, kule Bungoma. Huyu alisomea Mombasa kutembeza wageni ufuoni, kisha akarudi nyumbani kufuga samaki. Masomo yake yalikuwa yamekaa bure, na yalimwasha. Kando ya bwawa lake akamwaga mchanga wa ujenzi.

Jumamosi wakafika. Wanyonyi akawapokea amevaa kofia ya ukili na kaptura.

"Karibuni ufuoni. Mzee, tembea porepore, tusisumbue viumbe."

Nyaruai alitaka kucheka, lakini mumewe alikuwa ameshavua viatu na soksi, uso ameukaza kama yuko kanisani.

Bwawa lilizungukwa upesi, basi wakalizunguka tena na tena, na kila mara Wanyonyi akilieleza kana kwamba wamefika mahali pageni. Akawaonyesha mnandi, ndege wa majini, akianika mabawa, maana manyoya yake huloa akipiga mbizi. Akainua jiwe, akawaonyesha kaa wa mtoni. Ng'ombe akaja kunywa maji.

"Huyu si wa hapa," akasema Wanyonyi. "Anapita tu."

Mara fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, akatua, akanyakua soksi moja ya Kimotho na kuruka nayo hadi kiotani, juu ya mti.

"Si mwizi, mzee," Wanyonyi akawahi kusema. "Anajenga. Vijiti, matope, matambara, yeye huweka yote."

Nyaruai akangoja moto uwake. Mume wake huyu aliwahi kumpeleka jirani kwa chifu kwa sababu ya kuku. Kimotho akakitazama kile kiota kikubwa kwa muda mrefu.

"Ni soksi ya sufu," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechangia ujenzi wa kanisa. "Itawafaa watoto."

Tangu hapo ikawa ni kila Jumamosi. Siku moja wakakuta bwawa tupu, wanunuzi wakizoa samaki kwa mabeseni. Nyaruai akaona aibu kwa niaba ya Wanyonyi.

"Maji yamekupwa," Wanyonyi akasema, bila kumtazama mtu.

Kimotho akayatazama matope, akaitikia kwa kichwa. "Yatajaa lini?"

"Nikipata vifaranga wengine wa samaki."

Kimotho akakunja suruali, akashuka matopeni, akaanza kumwonyesha mkewe nyayo za ndege, moja baada ya nyingine. Nyingi, kwa macho ya Nyaruai, zilikuwa za kuku. Naye akavua viatu, akamfuata mumewe.