Mjumbe wa Ngazini

Nina ndugu wawili wa kiume, wote mafundi mawe, wote vichwa vigumu kama kazi yao, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa ulimi wao. Wanaume wazima, wenye ndevu na watoto, wanafanya kazi chumba kimoja na hawasemezani! Mkubwa akitaka patasi iliyo miguuni mwa mdogo, ananiita mimi kutoka nje nije nimpe. Siku moja niliwaambia hata mbuzi wa zizi moja wana adabu kuliko wao. Mkubwa alinuna. Mdogo alicheka, kisha akasema, "Dada, mwambie kaka yako mbuzi beberu ni yeye."

Kaka yako. Kana kwamba huyo mtu nilizaliwa naye mimi peke yangu, na yeye aliokotwa.

Walikosana kwenye msiba wa baba. Baba alifariki wakati wa mvua kubwa, barabara zimekatika, na mdogo alikuwa mbali kikazi. Alituma ujumbe kwamba tumsubiri, anakuja hata kwa miguu. Kaka akasubiri, akasubiri, mwisho akasema maiti haiwezi kuendelea kukaa ndani ya nyumba, akazika. Mdogo alifika ana matope mpaka kiunoni, akakuta udongo umeshasawazishwa. Hakupiga kelele. Alimtazama kaka akasema, "Basi. Mimi na wewe tumemalizana." Tangu siku hiyo hakumtolea neno tena, na huyo ndiye tuliyemwita Domo tangu utotoni kwa sababu hakujua kunyamaza! Kaka naye, badala ya kuomba radhi yaishe, akalipa kununa kwa kununa.

Mama alikuwa kitandani, miguu imemgomea. Aliniita akanishika mkono akasema, "Nataka nisikie wanaongea kabla sijaondoka. Hata kama watagombana, waongee." Maneno yale yalinikaa rohoni, sikupata usingizi mzuri tena. Kwa hiyo nilipopata kazi ya lipu kwenye hospitali ya zamani kule kilimani, na mwenye jengo akaniuliza kama nawajua mafundi mawe wa kuaminika, niliwataja wote wawili bila hata kuwauliza. Nilijisemea, wakishika jiwe moja zito kwa pamoja watalazimika kuambiana "inua."

Thubutu! Waliinua mawe mengi tu, kimya, wakitazamana kwa jicho la pembeni.

Jengo lenyewe lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua, lilijengwa zamani huko juu kwa ajili ya hewa safi. Kuta zake za mawe zilikuwa nene kiasi kwamba mtu angeweza kulala dirishani. Lilikaa tupu miaka mingi, popo juu, mbuzi chini, mpaka tajiri mmoja alipolinunua alifanye fleti za watu wa mjini kuja kupumzika likizo. Wadi ya wanaume igawanywe, kila fleti na jiko lake na bafu lake. Wadi ya wanawake hivyo hivyo. Chumba cha maiti, msinicheke, kiwe mahali pa wageni kunywea kahawa. Alikuwa mtu mpole, hatukani mtu, ila ana haraka kama anafukuzwa.

Alitaka mlango mpana utobolewe kwenye ukuta wa chini, ili mgeni akiwa kitandani aone vilima. Ukuta wa namna ile ni mawe huku na mawe kule, na katikati ni kifusi na udongo mtupu. Ukiutoboa ovyo, tumbo lake linamwagika lote. Kaka aliuegemeza kwa magogo, akatoboa, akaweka linta ya zege juu ya tundu ibebe ukuta, tukaiacha ikomae. Kilichobaki kilikuwa kutoa magogo ili ukuta ukalie linta. Ukuta mkongwe ukikaa hutikisika, na chochote kilicholegea juu yake hushuka. Na juu yake, ghorofani, Domo alikuwa akibomoa meko ya zamani ya kuotea moto, jiwe baada ya jiwe.

Kwa kazi kama hiyo baba alitufundisha sheria moja tangu tukiwa wadogo. Anayetoa gogo anamwita mwenzake kwa jina, na hapigi nyundo mpaka asikie jina lake mwenyewe likirudishwa. Baba hakuwa na mzaha na hilo, alikuwa tayari kukuzaba kibao mbele ya mkeo. Sasa niambieni, watu wasiosemezana wataitana vipi? Nikawekwa mimi katikati ya ngazi. Kaka ananiambia kutoka chini, "Muulize mdogo wako ameondoka pale?" Napaza sauti juu. Domo ananijibu, "Mwambie nimeondoka." Namwambia kaka, nyundo inalia. Tulitoa magogo ya milango mingine kwa mtindo huo na haikutokea shida yoyote, mpaka wenzetu wa saruji wakawa wanatucheka.

Siku hiyo tajiri alikuja na rangi zake za kuchagua, akaniita chumba cha mwisho ghorofani nikaone unyevu kwenye lipu yangu. Nilimwambia kaka, "Usiguse kitu, narudi sasa hivi." Akasema, "Nenda." Tulitazama ule unyevu, tajiri akalalamika, nikamjibu, akalalamika tena. Kisha tukashuka kwa ngazi za nyuma twende barazani tukaangalie rangi, yeye na viatu vyake vya kisigino kigumu, ko, ko, ko, juu ya mbao.

Kaka, alivyonieleza baadaye, alikuwa amechoka kungoja. Aligonga gogo kwa nyundo mara mbili, kama ishara, kisha akasikiliza. Akasikia nyayo zinaondoka. Akaamini ni Domo, ameelewa, ameondoka. Neno moja tu! Angeita jina moja tu, la mtoto aliyembeba mgongoni, na jina hilo lilikuwa limemfika kwenye koo. Akalimeza, akapiga gogo likatoka.

Niliusikia ukuta ukishuka nikiwa barazani. Vumbi lilitoka madirishani kwa wakati mmoja. Nilikimbia ndani huku nimeshajua, jamani, mwili ulijua kabla sijaona kitu.

Linta ilikuwa imesimama imara. Kilichoanguka ni ukuta wa juu yake, na sakafu, na meko. Kaka alikuwa juu ya lile rundo anachimba kwa mikono.

"Domo!" alikuwa anaita. "Domo, ndugu yangu, uko wapi?"

Kutoka chini kabisa nikasikia, "Dada."

"Nipo! Nipo hapa, mdogo wangu, tunakutoa."

"Nilisikia nyundo," alisema. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida kati ya maneno. "Nikasema, si utakuja kuniambia."

Kaka alijilaza kifudifudi akaweka mdomo kwenye upenyo. "Nisemeshe mimi. Ni mimi. Nisamehe kwa ajili ya baba, nisamehe kwa yote, nitukane ukitaka, lakini nijibu."

Akaniita mimi: "Dada, mwambie asivute hilo jiwe. Linanibana kifua."

Nilipandwa na hasira, Mungu anisamehe. Nikamfokea mtu aliyelaliwa na ukuta. "Acha ujinga, Domo! Mwambie mwenyewe, yuko hapa anakulilia!"

"Ngoja kwanza nitoke," alisema. "Nikitoka nitaongea naye. Ana mengi ya kusikia huyo."

Wenzetu wa saruji walikuja na nyenzo na magogo, wakafanya kazi kama watu. Kaka hakuacha kuongea. Alimkumbusha samaki waliowaiba kwa jirani, alimkumbusha kipigo, alimweleza jinsi alivyosimama barabarani siku ile ya mazishi akiangalia kama anakuja. Sikuwahi kuyasikia hayo, hata mimi. Domo hakujibu tena. Tulipomfikia alikuwa ameshakwenda, uso mzima, mavumbi tu kwenye kope.

Tajiri alilia, sitamsingizia. Alileta blanketi jipya la fleti akamfunika kwa mikono yake. Siku hiyo hiyo jioni alimuuliza mmoja wa wale wa saruji kama ukuta unaweza kujengwa upya kwa matofali, kwa sababu wageni wa kwanza wameshapanga safari.

Tulimpeleka nyumbani. Majirani walijaa uani, vilio vimeanza kabla hatujashuka. Kaka aliingia chumbani kwa mama na nguo zake za kazi, mikono imechanika, akasimama karibu na kitanda. Mama alikuwa ameshaambiwa ukuta umeanguka na nani amekufa. Hakuwa analia. Alinitazama mimi.

Nilitaka kumpa kitu. Nilikuwa nimekipanga njia nzima. "Mama," nikasema, "waliongea. Walisemezana, mama. Kaka alimwita na wakaongea."

"Alimwita?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Mama alikuwa mke wa fundi mawe tangu usichana wake. Akauliza taratibu, "Kabla ya nyundo, au baada?"

Kaka ndiye aliyejibu. "Baada, mama."

Mama aligeuza uso ukutani. Kisha alisema, bila kugeuka, na kaka amesimama pale pale, angeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono tu:

"Mwambie kaka yako atoke nje."

Nikamwambia.