Bolti za Katikati

Mwaka wa 1978, Umuro alikuwa akifunga upya injini ya dizeli ya lori lake la mifugo, uani kwake mtaani Wabera. Alipofika kwenye bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, alianza na ya pembeni, akaikaza kwa nguvu zote mpaka jasho likamtoka.

"Shemeji, unafunga ngamia mtoro?" akauliza Abdinur, kaka wa mkewe, aliyekuwa fundi. "Hedi itapinda, maji yavuje. Legeza. Anza katikati, kidogo kidogo, ukienda nje."

Umuro alinuna, lakini akalegeza. Wakazizungukia bolti zote tena na tena, kila mara wakiongeza kidogo. Injini ikawaka bila kuvuja.

"Hayo niliyajua," Umuro akasema.

Abdinur akacheka. "Uliyajua, shemeji. Ni mikono tu haikuambiwa."