Mishumaa Miwili ya Profira

Kila jioni, akitoka kazini kwenye duka la mikate, Profira alijibana kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mapaja ya wasichana, akafungua kitabu cha anatomia. Alikuwa na miaka arobaini na nane. Darasa hilo la jioni liliwaandaa watu kwa mtihani wa kujiunga na chuo cha uuguzi pale mjini Huși, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo.

"Shangazi, mfupa huu wa kisigino unaitwaje?" aliuliza Ilinca, jirani yake wa kiti, wa miaka kumi na tisa, akitafuna mbegu za alizeti.

"Wa kisigino."

"Jina la kitabuni, shangazi. Usitake kunichekesha, nitapaliwa."

"Nimeuosha mfupa huo wa mtu mmoja miaka tisa, nikaupaka mafuta usichubuke kitandani. Hata siku moja haukuniambia jina lake."

Mtu huyo alikuwa Bibi Ines, kikongwe wa Bergamo, Italia. Profira aliiacha nchi yake akaenda kumtunza kwa mshahara, kama walivyokwenda nusu ya wanawake wa mtaani kwake. Alimlisha, alimgeuza, alimsuka nywele. Jioni walisali pamoja, Ines kwa lugha yake na Profira kwa yake, wakimalizia kwa ishara ya msalaba, kila mmoja kwa desturi ya kanisa lake, Ines akianzia bega la kushoto, Profira la kulia, na kila mara Ines alimcheka kwamba amekosea.

Akiwa huko, mama yake mzazi alifariki katika hospitali ya Huși. Basi lilipomfikisha nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kukauka. Alikwenda wodini kuuliza nani alikuwa na mama yake saa ile ya mwisho, kama aliomba maji, kama alimtaja mtu. Muuguzi alimtazama kwa huruma, lakini hakukumbuka. Tangu siku hiyo Profira alitamani kitu kimoja tu: avae koti jeupe katika wodi ile, ili mama wa mtu mwingine akitaja jina, pawe na mtu wa kulisikia na kulikumbuka. Alirudi Bergamo, na ilimchukua miaka mitatu zaidi kupata moyo wa kumwacha Ines.

Jumatano, wakiwa bado darasani, simu iliita. Alitoka nje kuipokea. Alikuwa Renzo, mtoto wa Ines.

"Mama hali chakula," alisema Renzo. "Mtunzaji mpya anamletea kijiko, yeye anafumba mdomo. Basi linaondoka huko kwenu kesho asubuhi. Nauli juu yangu. Njoo."

"Kesho asubuhi nina mtihani, Renzo."

"Mtihani utakuwepo na mwakani," alisema. "Mama yangu, sijui."

Profira alijibu kwamba atampigia. Kisha alisimama uani huku harufu ya zabibu zinazokamuliwa ikitoka kila nyumba, akalia. Alitamani kumwona Ines kama mtu anavyotamani maji. Alitamani hata ule mkono mkavu uliokuwa ukimfinya kila supu ilipozidi chumvi.

Asubuhi alipita kanisani kwanza. Mkobani alikuwa na kalamu ya buluu aliyoibariki padri Jumapili pamoja na kalamu za wanafunzi wengine, na shingoni alikuwa na msalaba wa mama yake. Alinunua mishumaa miwili kwa Tasia, mjane aliyeuza mishumaa mlangoni, akaenda nje kwenye makabati mawili ya bati yenye mchanga wa kuchomekea mishumaa ya kuombea watu. Moja liliandikwa "Walio hai", jingine "Waliofariki". Kichwani alikuwa anakariri mishipa ya fahamu ya uso, mmoja baada ya mwingine. Aliwasha wa kwanza, akanong'ona, "Mama yangu." Akahamia kabati la pili, akawasha mwingine. "Ines."

"Profira, mwanangu," Tasia aliita kutoka mlangoni, "mama yako amefufuka?"

Profira aliinua macho, akasoma maandishi. Mama yake alikuwa anawaka katikati ya walio hai. Ines alikuwa anawaka kwa waliofariki.

Alinyoosha mkono aung'oe ule wa Ines.

"Acha hapohapo," Tasia alisema. "Ukishawaka hauzimwi."

"Nimemtaja kwa wafu, shangazi Tasia. Yu hai. Jana alikuwa hai."

"Basi Mungu anajua jana alikuwa hai. Unadhani anasoma vibao vyetu vya bati? Nenda kwenye mtihani wako, wewe."

Alikwenda, lakini hofu alikwenda nayo. Karatasi zilipogawiwa hakuona herufi. Aliona kitanda kile cha Bergamo kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu. Alisema moyoni: Bwana, kama amekufa kwa sababu mimi nimekaa hapa, niambie, niinuke.

Hakuambiwa kitu. Msimamizi alipiga chafya. Profira akasoma swali lililokuwa mbele yake, likauliza kuhusu kile kifuniko kidogo cha kooni kinachoziba njia ya hewa mtu anapomeza. Vidole vyake vilikumbuka kabla ya kichwa: koo la Ines likipanda na kushuka, na yeye akisubiri na kijiko mkononi, kwa sababu ukiharakisha anapaliwa. Alisubiri vivyo hivyo. Pumzi zilipotulia alijibu swali hilo, akaenda kwa linalofuata, polepole, kijiko kwa kijiko. Kengele ilimkuta maswali ya mwisho bado hayajaguswa.

Nje ya lango alipiga simu Bergamo. Sauti ya mwanamke asiyemjua ilipokea.

"Mimi Profira, wa Huși. Bibi Ines..."

"Ee! Kumbe upo kweli," mwanamke alisema. "Mimi naitwa Galina, mtunzaji. Tangu nifike huyu bibi ananiita Profira. Nilimsahihisha mpaka nikachoka."

"Yu hai?"

"Yu hai, na ananifinya. Leo asubuhi nilimwambia, haya, mimi ndiye Profira, nimerudi. Akafungua mdomo, akala supu." Galina alishusha sauti. "Dada, nimefanya dhambi?"

Profira aliegemea ukuta. "Hapana. Msubiri koo lishuke kwanza, ndipo umpe kijiko kingine. Na supu usiikoleze chumvi."

"Kumbe ndiyo sababu ya kufinywa. Ngoja, yuko macho, nimsogezee simu."

Profira alisikia pumzi anazozijua. Kisha Ines akaita, kwa sauti ya mtu anayemtafuta mwenzake chumba cha pili: "Profira?"

Alifungua kinywa aitike. Lakini Galina alikwisha kuitika, kwa upole, palepale karibu na kitanda: "Naam, bibi. Nipo."

Profira alifumba kinywa. Galina aliporudi kwenye simu, Profira alimwomba amwambie Renzo kwamba haji.

Majina ya waliofaulu yalibandikwa mlangoni mwa chuo kabla jua halijazama. Profira hakuthubutu kusogea; Ilinca ndiye aliyepenya kwenye msongamano na kurudi anahema.

"Tumo wote. Wewe uko chini kabisa, shangazi, yaani hata nafasi ya nukta haijabaki chini yako. Lakini umo."

Profira alimkumbatia, akaenda kanisani. Tasia alikuwa anasafisha makabati, anang'oa vipande vya nta mchangani na kuvitupa kwenye ndoo kwa ajili ya kuyeyushwa upya.

"Vya pande zote unatia ndoo moja?" Profira aliuliza.

"Kwani ulitaka ndoo ngapi? Haya, vipi mtihani?"

"Nimepita."

"Mungu ashukuriwe. Na mgonjwa wako?"

"Amekula."

Alichukua mshumaa mmoja mpya. Safari hii alisoma kibao, akasoma tena, ndipo akauwasha upande wa walio hai na kunong'ona jina. Tasia hakuwa mtu wa kupitwa na kitu.

"Profira? Unajiwashia mwenyewe?"

"Si mimi," alisema. "Ni yule wa Bergamo, anayeshika kijiko sasa."

Alisimama pale mpaka nta ikaanza kutiririka.