Picha ya Kituo cha Wazee

Nilimvalisha Bi Fumiyo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote nilimsikia akibishana mara moja tu.

Alikuwa binti wa mtengeneza mchuzi wa soya wa mji wa Tatsuno, akaolewa na mwana wa pili wa Nyumba ya Kazahaya, tawi dogo la ukoo wa mfalme. Magazeti yalimpenda, na wanawake wa Tokyo walikata nywele kama zake. Ndani ya nyumba, mama mkwe wake alikuwa akimwambia mbele yetu sisi watumishi, "Bado unanuka pipa la soya, mwanangu. Kaoge tena." Naye alikuwa akienda kuoga tena.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado nene, ikaja simu Jumatatu asubuhi: mama yake amelazwa, ini limeharibika, haponi. Fumiyo akamfuata Bwana Hatakeda, msimamizi wa shughuli za nyumba, mzee mkavu ambaye hata akikukatalia hukukatalia kwa upole.

"Nataka kwenda kwetu. Siku mbili tu."

"Mtukufu, ulikwenda juzijuzi, mwezi wa kumi na moja. Watu watasema ndoa imekushinda."

"Mama yangu anakufa, Bwana Hatakeda."

"Nasikitika sana. Lakini Alhamisi unakitembelea kituo cha wazee, na wapiga picha wameshaalikwa. Ijumaa alfajiri nitakupatia treni."

"Na asiponingoja je?"

Hatakeda akainamisha kichwa. Fumiyo akamgeukia mumewe, aliyekuwa kibarazani akiwarushia samaki chakula.

"Sema neno basi, wewe!"

"Siku nne si nyingi," akasema, macho yake bwawani. "Mama yako ni mtu wa nguvu."

Alhamisi nilimvalisha suti ya buluu iliyochaguliwa na ofisi. Kule kituoni alipita kitanda kwa kitanda akiinama kidogo, akitabasamu kidogo, kama alivyofundishwa. Kwenye kitanda cha mwisho alilala bibi kipofu. Bibi yule akapapasa, akamshika mkono.

"Setsu? Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?"

Fumiyo akavua glavu. Akapiga magoti sakafuni, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mama," akasema huku akilia. "Njiani kulikuwa na theluji."

Kamera zikaanza kumwekamweka. Nyuma yangu nilimsikia Hatakeda akinong'ona, "Pigeni hiyo, pigeni."

Tuliporudi tulikuta simu ya maandishi. Mama yake alikuwa amefariki saa nane na nusu mchana.

"Tomie," akaniuliza, "saa nane na nusu tulikuwa wapi?"

Ratiba ilikuwa mkobani mwangu. Saa hiyo alikuwa amepiga magoti kwa yule bibi.

"Tulikuwa bado garini, Bi Fumiyo," nikamwambia.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, kwa hiyo Hatakeda akaisogeza treni ya Ijumaa hadi siku hiyo, na ile picha ilikuwa imeshatoka kwenye kila gazeti. Tulipewa saa moja tu. Mlangoni kwao alisimama Katsue, mdogo wake, kavaa nyeusi, akaziba njia.

"Karibu, dada wa magazetini."

"Katsue, nipishe."

"Tangu Jumatatu mama anakuulizia. Namwambia yuko njiani, yuko njiani. Kumbe unashika mikono ya mama za watu!"

"Mwache apite," baba yao akasema. "Majirani wanatazama."

Fumiyo alichoma udi, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akabaki hivyo hata Hatakeda akakohoa mara mbili. Saa yetu iliisha kabla mwili haujachomwa, kwa hiyo mifupa ya mama yake, ambayo kwa desturi yetu watoto huiokota majivuni, waliiokota wengine.

Wiki ile zililetwa barua kwa magunia. Watu waliandika kwamba hawajapata kuona moyo wa huruma namna ile. Mama mkwe akamwita, akamkaribisha chai kwa mkono wake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Sasa umekuwa wetu," akamwambia.

Fumiyo akashukuru, akanywa.

Vituo vingine zaidi ya arobaini vilimwomba, naye alivizungukia vyote. Aliinama kidogo, akatabasamu kidogo, wala hakuvua glavu. Ruhusa ya kwenda kwao hakuiomba tena.