Sauti Iliyomlilia Mama

Msusi huyo watu walimwita Chapuchapu, kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda mbio kwenye vichwa vya watu. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga chenye kioo kirefu, viti viwili na feni inayokoroma, na ndoto yake ilikuwa siku moja awe na chumba chake mwenyewe. Kwa hiyo mtandaoni, wenzake walipojionyesha na viatu vipya, yeye alijionyesha akibana matumizi. Kila Jumamosi alijirekodi akieleza alipojizuia na alipoteleza.

"Jamani, juzi nimenunua pochi ya tatu na mabega ninayo mawili," alisema Jumamosi moja. "Nisemeni."

Wakamsema kwelikweli, na mara iliyofuata alipopita dukani aliangalia pembeni. Baadhi ya waliomfuatilia walianza kuweka akiba pamoja naye kwenye kundi la simu. Mweka hazina wao walimpa jina la Mama Kufuli, kwa sababu pesa ikishaingia kwake, kuitoa ni shughuli.

Asubuhi moja alikuwa amezama kwenye kichwa cha mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, simu ikatetemeka. Ujumbe ulionekana kutoka kwa mwanakikundi mwenzake: tarakimu zangu za kufungulia akaunti zimekuja kwako kimakosa, nirushie upesi. Mikono ilikuwa na mafuta, mteja alikuwa anapiga soga. Chapuchapu akazituma, akaendelea kusuka. Haikuchukua muda simu ikamtoa kwenye akaunti yake. Alipojaribu kurudi ikamkatalia.

Mara Mama Kufuli akapiga.

"Uko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saluni."

"Mtoto je?"

"Shule. Kwani kuna nini?"

Mama Kufuli alishusha pumzi. "Basi kuna mtu amevaa jina lako. Anasema mtoto kagongwa na pikipiki, anataka akiba yako yote iende namba nyingine. Nimemwambia awashe kamera nimwone, kasema kamera imeharibika. Mimi kwa maneno matupu sitoi, unanijua. Ila mwenzangu, ametuma na sauti. Ngoja usikie."

Ikasikika sauti ya mwanamke analia: nisaidieni, mwanangu anakufa, nitumieni chochote. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na kale kakikohozi anakokohoa kabla ya kuanza kusema, na ule ulimi wake unaokwaruza kidogo kwenye r. Chapuchapu hakuwahi kutamka maneno yale, lakini aliyasikia yakitoka kinywani mwake. Kwa kitambo aliiamini sauti ile kuliko akili yake; akapiga shuleni, akamng'ang'ania karani mpaka akaenda kuchungulia darasani na kurudi kumwambia mtoto yupo, anachora.

"Wameichota kwenye video zako," mwalimu alisema kutoka kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

Hapo ndipo Chapuchapu alipomkumbuka mama yake.

Mama aliishi mbali, peke yake, na presha yake haikutaka mchezo. Alikuwa na pesa za kuezeka nyumba, na kwa mjukuu angeweza kuuza hata mlango. Chapuchapu akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Akilini alimwona mama chini, sakafuni, simu ikilia kando yake.

"Chukua simu yangu," mwalimu alisema. "Ingia kwenye ukurasa wangu useme, watu wakuone uso. Nami nitokee hivihivi nilivyo, shauri yangu."

Akajirekodi. Akasema mtoto ni mzima, hajaomba pesa kwa mtu, yeyote asitume hata senti. Waliomfahamu wakaanza kuisambaza. Lakini mama hakuwa mtu wa kuona vitu hivyo upesi. Akawaza: pesa atazituma kutokea wapi? Kwa wakala wa pale kwao, hana pengine. Na yule wakala alikuwa na ukurasa anaotangazia huduma zake, namba ya simu imeandikwa juu kabisa. Mwalimu akautafuta, Chapuchapu akapiga. Vidole vyake vyepesi vilikosea namba mara mbili.

"Mama yangu amefika hapo?"

"Yuko mbele yangu, analia hata simu yake haisikii," wakala alisema. "Fungu la kwanza limeshakwenda. Hili la pili ndiyo naliingiza."

"Kaka, simama. Usibonyeze. Mpe simu."

Mama alipopokea hakuamini. "Wewe nani?"

"Mimi, mama. Mwanao."

"Mwanangu nimemsikia analia sasa hivi. Sauti kama hiyohiyo."

Kila neno alilosema Chapuchapu lilizidi kumfananisha na mwizi. Ikabidi wakala apige upya kwa video, kwenye simu ya mwalimu. Mama akauona uso wa binti yake, kisha akakaa chini palepale kwenye saruji ya kibanda. Wakala akamletea maji.

Fungu la kwanza halikurudi. Wakala aliripoti na wakahangaika nalo, lakini lilikuwa limeshatolewa. Mabati ya upande mmoja yalisubiri. Akaunti Chapuchapu aliipata baada ya kusumbuana nayo sana, na safari hii akaiwekea ulinzi wa pili, namba ya siri anayoijua yeye peke yake.

Familia ikakubaliana kuwa hakuna pesa bila kuonana uso, na mama akalishika hilo kupita kiasi, hata akiulizwa amekula nini, anajibu, "Washa kamera kwanza."

Jumamosi za kurekodi zilirudi polepole. Mwanzo Chapuchapu aliandika tu, kwa sababu kila alipofungua kinywa mbele ya simu aliizima kabla ya kutamka neno. Baadaye akasema, kwa ufupi, jinsi alivyotoa zile tarakimu na mikono yake ina mafuta, na wengi wakamwandikia kwamba nao wameombwa vilevile wakakataa.

Lakini mpaka leo, mteja akiifungua mojawapo ya video zake pale saluni, vidole vinasimama katikati ya nywele, naye anasikiliza mpaka mwisho, ahakikishe kwamba maneno yale aliyasema yeye.